Panya Aliyepewa Maji ya Chumvi

Mwaka 1983 nilikuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwalaza panya. Wajukuu hucheka nikiwasimulia. Basi na wacheke.

Daktari wetu alikuwa akijaribu maji ya mizizi yaliyosifiwa kushusha presha. Panya mweupe wa gramu 300 ana damu ya mililita 20 hivi, haijazi hata nusu ya kikombe cha kahawa ya mtaani, kwa hiyo mkono ukitetereka umeharibu kazi. Siku moja asubuhi nilimchoma panya wa kwanza tumboni dawa ya usingizi, pentobabitoni, nikamminya kidole cha mguu kuona kama atauvuta, kisha daktari akamtia mrija kwenye ateri ya shingo. Kalamu ya mashine ya presha ikaanza kuchora. Tukamtilia maji ya mizizi, mstari ukateremka taratibu. Daktari alinipiga bega: "Mzee, tumepata!"

Mchana nikamlaza panya wa kulinganishia, yeye alipewa maji ya chumvi tu. Mstari ukateremka vilevile.

Nilimgusa. Alikuwa wa baridi kama meza ya bati aliyolalia. Hapo ndipo tulipoelewa tulichokuwa tukikipima tangu asubuhi: nusukaputi. Pentobabitoni hulegeza msuli wa moyo, huzubaisha sehemu za ubongo zinazokaza mishipa, na hupunguza pumzi. Mnyama mdogo namna ile, akishindwa kujipasha joto, moyo nao unazidi kupunguza mwendo.

Baadaye ilikuja dawa nyingine ya kulaza, ketamini, tukaichanganya na zailazini. Mambo yakageuka. Ketamini peke yake huchochea moyo na kupandisha presha. Zailazini hubana mishipa kwanza, presha ikaruka, halafu moyo unapunguza mapigo na presha inaporomoka. Moyo wa panya aliye macho hupiga zaidi ya mara 300 kwa dakika; chini ya mchanganyiko ule niliweza karibu kuyahesabu mapigo kwa macho kwenye karatasi.

Tangu siku ile ya maji ya chumvi hatukuanza kazi bila taa ya joto, bila kusubiri mstari utulie, wala bila panya wa kulinganishia aliyelazwa kwa dawa ileile na kipimo kilekile. Mizizi haikuandikiwa ripoti. Na hadi leo, nikikuta makala ya presha inayosema "panya walilazwa" bila kutaja kwa dawa gani, siendelei kuisoma.