Moshi Hupanda, Gesi Hushuka

Siku hizi ukipita Nyegezi, kuanzia stendi ya mabasi hadi nyumba za juu kwenye mawe, utaona pikipiki zikipandisha mitungi ya gesi. Ni jambo la kushukuru. Sisi tuliofanya kazi ya uuguzi zaidi ya miaka 20 tumewaona akina mama walioumia vifua kwa moshi wa kuni. Tunajua pia kwamba jiko la mkaa likiingizwa chumbani usiku wa mvua na mlango ukafungwa, hewa yake isiyo na harufu huua watu usingizini. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi, ili ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Lakini mtungi ukifika mlangoni, nani anaufunga, na anauweka wapi? Jambo hilo nyumbani kwetu tulilifanyia mzaha.

Baba watoto aliponunua mtungi wa kilo 15 na jiko la pleti mbili, bibi yao, ambaye tunaishi naye, alikataa kuligusa. "Mimi silali nyumba moja na bomu," alisema. Tulicheka. Kijana aliyeleta mtungi aliusukuma ndani ya kabati chini ya jiko, akachomeka mpira, akawasha. Moto wa bluu ukatoka, akapokea hela yake akaondoka. Hatukumuuliza lolote.

Jumamosi ya wiki ile tulikwenda na akina mama wa kanisani kuwatembelea wagonjwa. Bibi alibaki na watoto, maharage yakichemka uani kwenye jiko lake la mkaa. Jioni wingu likatanda kutoka ziwani, matone yakaanza. Binti yetu wa miaka 12 akalibeba jiko lenye makaa mekundu ili alipeleke ndani. Bibi alikuwa ametangulia jikoni kuchukua chumvi. Alipoinama, alisikia harufu kama ya kabichi iliyooza. Akageuka na kumwona mjukuu wake amefika kizingitini na moto mkononi.

"Rudi nalo! Usiingie na moto humu!"

Tulirudi tukawakuta wote wamejikunyata chini ya mwembe, wamelowa, sufuria ya maharage imejaa maji ya mvua, na Bibi amekishika kiberiti kama mtu anayelinda hela. Tulifunga mtungi, tukaacha milango wazi bila kugusa swichi yoyote, tukalala kwa jirani. Usingizi haukuja. Miaka yote tumewafundisha akina mama wenzetu kuwaepusha watoto na moto, kumbe kwetu tulikuwa tumetega mtego na kuufungia kabatini.

Jumatatu tulimwita fundi mzoefu. Alipaka povu la sabuni kwenye maungio yote, akafungua mtungi huku jiko likiwa limezimwa. Mapovu yakachemka pale mpira unapoungana na jiko. Ulikuwa umechomekwa tu, haukuwa na kibano. Kisha akauliza, "Matundu ya hewa yako wapi?" Tukamwonyesha tofali za matundu karibu na dari. Akatikisa kichwa. "Mama, moshi hupanda, gesi hushuka."

Hapo ndipo tulipoelewa. Jiko letu lilijengwa kwa ajili ya moshi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni kama maji, hujaa kabatini, ikangoja cheche. Yenyewe haina harufu. Harufu ile mbaya huongezwa makusudi ili tushtuke.

Basi fundi alitoboa tundu la kutokea nje, usawa wa sakafu, akaliwekea wavu wa kuzuia panya. Mtungi ulitoka kabatini, ukasimamishwa wima mahali pa wazi, mbali na jiko la mkaa. Mpira ulibadilishwa, ukafungwa vibano pande zote mbili, na haupiti nyuma ya moto.

Dada mpendwa, nawe fanya hivi. Kwanza, kila mtungi mpya upimwe kwa povu, kamwe si kwa kiberiti. Pili, washa kiberiti ndipo ufungue gesi. Tatu, funga mtungi kila umalizapo kupika. Nne, ukisikia harufu usiwashe moto wala taa, wala usizime taa iliyowaka; funga mtungi kama unafikika, fungua milango, toa watu nje, ndipo upige 114 kuwaita Zimamoto ukiwa mbali na nyumba. Na mtu akiungua, mmwagilie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke hospitali. Usimpake dawa ya meno wala mafuta.

Tulimwomba Bibi msamaha. Tulimcheka kwa sababu hakusoma, kumbe hofu yake ilikuwa na macho kuliko elimu yetu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nifundisheni basi." Sasa uji wa asubuhi anaupika yeye, kwa gesi. Na mtungi mpya ukifika, hakuna anayeruhusiwa kuwasha kitu mpaka Bibi akoroge povu lake, apake, ainame, na kutazama mwenyewe.