Dodoma kwa Herufi Nene
Tangu 2024 treni ya umeme inakutoa Dar hadi Dodoma kwa saa chache tu, kwa hiyo wewe na laazizi wako hamna kisingizio. Tembeeni taratibu mitaa ya Soko la Majengo mkisoma kuta. Saluni, bucha, duka la vipuri: herufi nene zenye vijiguu, vitambi nje! Zinafanana na Cooper Black, mtindo wa Oswald Cooper wa Chicago uliotoka 1922, ila hizi ni za brashi na mkono. Mabango ya kompyuta yanawanyima mafundi riziki. Mnafungua kibiashara chenu? Mwiteni fundi. Rangi ikipauka, anarudia. Bango la plastiki likichanika, mnanunua jingine.