Kazi ya Kulipwa, Kazi ya Kupenda, na Siku ya Kupumzika

Twaandika maneno haya wakati wa kipupwe, huku kwetu Njombe, ambako asubuhi za Juni na Julai majani ya bustani huweza kuwa meupe kwa sakitu, na wazee hawatoki nje mpaka jua lipande. Shule zimefungwa. Mahindi yanakauka, jembe limepumzika. Ni wakati wa kuota moto na kufikiri. Nasi tumefikiri juu ya jambo lililotupata Desemba iliyopita, tukaona si vema kulificha, maana huenda limo katika nyumba nyingine pia.

Kazi yetu ya kulipwa ni kufundisha darasani. Kazi yetu ya kupenda ni muziki wa kwaya. Tangu ujana twalizoea kuandika nyimbo kwa tonika solfa, kwa penseli, sauti nne katika daftari, kisha kuwanakilia waimbaji. Wimbo mmoja ulitaka siku nyingi. Mkono ulichoka, mafuta ya taa yalikwisha, nasi tukalala. Miaka michache iliyopita tukapata kompyuta mpakato, na ndani yake tukaweka programu ya bure ya kuandika muziki, jina lake MuseScore, ambayo Mjerumani Werner Schweer aliianza mwaka 2002. Humo waandika noti, na mashine yazipiga. Sauti ya kwanza ikigongana na besi, wasikia papo hapo. Twakiri kwamba tulifurahi kama mtoto aliyepewa mpira.

Basi ikaja likizo ya Desemba. Baba yetu, mzee wa miaka 78, alisafiri kwa basi kutoka kijijini akaja kukaa nasi siku kumi. Alileta jogoo na mfuko wa maharage. Tukamwamkia, tukamketisha penye moto, tukamwambia, "Baba, tumalize kwanza wimbo huu wa Krismasi, kisha tutazungumza." Akajibu, "Haya, mwanangu." Jioni ya pili tukamwambia, "Kesho, Baba." Jioni ya tatu hatukusema neno, maana hata hatukumwona alipoingia. Mvua zilikuwa zikinyesha na mahindi yalitaka palizi. Mama watoto akaenda shamba pamoja na watoto, na mzee naye akatwaa jembe akawafuata. Sisi tulibaki nyumbani, tukirekebisha sauti ya tatu.

Siku ya sita tulipoamka, mzee alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake. Hakugomba wala hakununa. Alimwambia mama watoto tu: "Mkwe wangu, nilikuja kumwona mwanangu, nami nimeuona mgongo wake. Yatosha." Akapanda basi. Siku ya Krismasi kwaya iliimba wimbo ule, na watu wakausifu. Lakini sisi hatukuisikia ladha yake.

Kwa hiyo tulipopata nafasi tulisoma habari za watu waliotangulia katika kazi hii ya kuifundisha mashine muziki, tupate kujua furaha yao ilianzaje. Mmoja wao ni Mmarekani, Max Mathews, aliyezaliwa mwaka 1926 katika jimbo la Nebraska, akafariki mwaka 2011. Kuanzia mwaka 1955 alifanya kazi katika maabara ya Bell, huko Murray Hill katika jimbo la New Jersey. Kazi yake ya kulipwa ilikuwa ya simu: kuchunguza jinsi ya kugeuza sauti ya mtu iwe tarakimu, na tarakimu ziwe sauti tena, ili maneno yasafiri vema katika waya. Lakini nyumbani alikuwa mpiga fidla, mpenda muziki asiyejidai ufundi.

Mwaka 1957 alikwenda kusikiliza kinanda pamoja na mkubwa wake wa kazi, John Pierce. Muziki mwingine uliwapendeza, mwingine haukuwapendeza. Pierce akamwambia kwamba kompyuta ingeweza kufanya vizuri zaidi, na kwamba achukue muda kidogo, aandike programu ya muziki. Angalieni neno hilo, wasomaji: muda kidogo. Mwenye kazi mwenyewe ndiye aliyempa ruhusa, na ruhusa hiyo ilikuwa na kipimo.

Mathews akaiandika programu, akaiita MUSIC. Wimbo wa kwanza ulioandikwa kwayo ulitungwa na mwenzake Newman Guttman, nao ulidumu sekunde 17 tu. Hata hizo sekunde 17 hazikupatikana kwa urahisi. Kompyuta yenyewe, iitwayo IBM 704, ilikuwa mjini New York. Ilibidi kwenda mjini, kuiacha mashine ipige hesabu na kuandika tarakimu katika utepe wa sumaku, kisha kuurudisha utepe ule Murray Hill, ambako palikuwa na chombo cha kugeuza tarakimu kuwa sauti. Ndipo mtu akasikia kama amekosea au amepatia. Akikosea, safari yaanza upya.

Tulipoyasoma hayo, kwanza tulimhurumia. Kisha tukanyamaza kidogo, tukajitazama. Mashine ya Mathews ilikuwa mbali. Alipotoka mjini, yenyewe ilibaki mjini. Haikumfuata mezani kwake, wala haikulala kando ya kitanda chake. Umbali ule ulikuwa taabu, lakini ulikuwa pia mlango unaofungwa. Hata sisi, zamani za penseli, tulikuwa na mlango wetu: mafuta ya taa. Siku hizi mashine ni nyepesi, i karibu, haichoki, haina usiku wala mvua wala Jumapili. Zamani ugumu wa kazi ulituambia, "Sasa basi." Leo hapana wa kutuambia ila sisi wenyewe, na sisi hatukusema.

Tena tuliona jambo la pili. Katika kazi ya kulipwa, kengele hulia na mtu akaenda zake. Kazi ya kupenda haina kengele. Kwa sababu twaipenda, twaiita mapumziko. Na kwa sababu twaiita mapumziko, twailisha siku zetu zote za mapumziko, nayo haishibi. Hivyo mtu aweza kumaliza likizo nzima bila kupumzika hata siku moja, akarudi darasani amechoka kuliko alivyotoka, naye ashangae. Hatusemi kwamba kazi ya kupenda ni mbaya. Kama Mathews asingalipenda fidla, huenda hata programu yetu ya leo isingalikuwapo. Twasema tu kwamba yataka mpaka, kama shamba.

Na jambo la tatu. Alipokuwa mzee Mathews alibuni fimbo mbili ambazo mtu huzishika mikononi na kuzichezesha juu ya ubao, na kompyuta ikafuata: mtu akienda upesi, muziki waenda upesi, akisita, nao wasita. Alitaka hata mtu asiyekuwa fundi wa chombo chochote aonje furaha ya kuuongoza muziki. Hapo mashine yamfuata mtu. Desemba ile nyumbani kwetu mtu ndiye aliyeifuata mashine, na baba yake akiwa ameketi nyuma yake.

Basi katika kipupwe hiki tulikwenda kijijini kwa mzee. Kompyuta tuliiacha kabatini. Tulimwamkia, tukamwomba radhi. Akacheka, akasema, "Nimekwisha kusahau. Ongeza kuni." Usiku wa pili, tukiota moto, akaanza kuimba wimbo wa kuvuna ulezi ambao mama yake aliuimba. Hatukuwa tumepata kuusikia tangu kuzaliwa. Tukamwuliza, "Baba, mbona hukutuimbia zamani?" Akasema, "Huo ndio niliokuletea Desemba. Nilitaka tukae jioni mbili, kisha nikupeleke kwa shangazi yako, ng'ambo ya mto wenu, maana yeye aliujua ubeti wa mwisho. Mimi nakumbuka beti mbili tu."

Wasomaji, shangazi huyo tulimzika mwezi wa Machi.

Hatukuwa na neno la kujibu, wala mzee hakutafuta jibu. Akauimba tena wimbo polepole, nasi tukauandika kwa penseli nyuma ya bahasha, kwa tonika solfa, kama zamani.

Tangu siku ile nyumba yetu ina amri tatu ndogo, nazo twawapa bure yeyote azitakaye, awe mwalimu, fundi cherehani, mshona viatu au mtunza nyuki. Ya kwanza, chombo cha kazi ya kupenda kifungwe saa mbili ya usiku, kiwekwe chumba kingine, kisilale na watu. Ya pili, mgeni akiingia, kifungwe hata kama wimbo umefika katikati. Wimbo utangoja, mgeni hangoji. Ya tatu, likizo inapokaribia, tuwaulize kwanza watu wa nyumbani wanatutaka kwa siku ngapi, kisha zinazobaki tuzipe muziki. Mwaka huu walisema, zote ila nne. Tulistaajabu kidogo, lakini tukakubali.

Kwaya imeambiwa kwamba Krismasi ijayo hakuna wimbo mpya wa sauti nne. Baadhi yao walinung'unika. Tutaimba nyimbo za zamani tunazozijua kwa moyo, na mzee ameahidi kuja kusikiliza, siku kumi kamili.

Wimbo wa kuvuna ulezi tumeunakili safi katika daftari. Chini ya ubeti wa pili tumeacha nafasi ya ubeti mmoja, kama yuko mzee mwingine aujuaye. Wasalaam.