Msanii Asiyejulikana wa Baleni

Mwezi Mei mwaka 2024 ulikuwa somo zito kwa taifa linalohubiri uchumi wa kidijitali. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kiliingia nchi kavu hapa Mafia. Siku nane baadaye, tarehe 12, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora nchi nzima. Wanafunzi wangu wengi, ambao nyimbo zao zote zinakaa katika programu za kulipia kwa mwezi, waligundua wiki hiyo kwamba hawamiliki hata wimbo mmoja. Walikuwa wapangaji tu, na mwenye nyumba hakupatikana.

Nyumbani kwa mjomba wangu, Baleni, muziki ulinyamaza kwa zile siku ambazo umeme haukuwapo. Umeme uliporudi, nao ukarudi. Nyaya za baharini hazikuwa na habari nao, kwa kuwa seva yenyewe iko chumbani kwake, juu ya kabati la vyombo, mbali na mchwa na mbali na wajukuu.

Neno seva lisimtishe msomaji. Ni kompyuta mpakato ya zamani iliyopasuka kioo, ambayo ofisini kwetu isingepata hata mwombaji. Kioo hakihitajiki kwa kazi hii, na betri yake, ingawa imechoka, huishikilia nusu saa umeme unapokatika, jambo ambalo kompyuta ya mezani haiwezi bila kununuliwa kifaa kingine. Nimeiwekea Debian, na juu yake Navidrome, programu huria ya kuhifadhi na kurusha muziki. Ruta ndogo isiyounganishwa na intaneti inafikisha mawimbi barazani na kwa majirani wawili. Mwenye simu anaunganisha, anaandika nywila, anasikiliza. Bando halina kazi hapo. Mambo haya yote yalimalizika kwa jioni moja na nusu, na sitamchosha mtu kwa amri nilizoandika.

Kazi ilikuwa kwenye kanda. Mjomba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na redio kaseti yake ilikuwa miongoni mwa chache za mtaa ule. Katika sanduku lake la bati nilikuta kanda 112. Kanda ya dakika tisini hunakiliwa kwa dakika tisini. Hapana njia ya mkato. Hewa ya bahari ilikuwa imeziotesha kuvu, kwa hiyo nyingine ilibidi zifunguliwe, zifutwe kwa pamba na spiriti, kisha zizungushwe kwa kalamu kama tulivyofanya utotoni. Likizo mbili zilikwisha hivyo. Matokeo yake ni takribani saa 130 za sauti, zisizojaza hata gigabaiti 60.

Kanda 58 ni muziki wa dansi alioudaka hewani kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam. Vijana wa leo hawaelewi kwa nini mtu mzima alikaa kidole kikiwa juu ya kitufe chekundu akingoja mtangazaji anyamaze. Kwa miaka mingi redio hiyo ndiyo ilikuwa sauti pekee ya taifa kwa upande wa Bara, na studio yake ndiyo iliyorekodi bendi zetu, NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na nyingine nyingi. Hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Zilizochapwa zilichapwa Nairobi. Nyimbo nyingi hazikupata kuwa santuri hata siku moja. Zilibaki katika tepu za redio, ambazo leo zimo mikononi mwa TBC, na katika masanduku ya bati ya watu kama mjomba. Wanamuziki walilipwa kidogo au hawakulipwa kabisa, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliwakuta wengi wao wamekwisha kuzikwa. Tepu zile ziligharimiwa na wakulima wa pamba, korosho na nazi. Kwangu mimi hoja ya kuzifungulia umma haihitaji semina.

Zilizobaki, kanda 54, ni za Baleni kwenyewe, na hizi ndizo zilizonisumbua.

Navidrome hupanga muziki kwa kusoma maelezo yaliyomo ndani ya faili: msanii, albamu, mwaka. Nilipoingiza maulidi, kaswida na ngoma za harusi zilizorekodiwa uani, kompyuta ilizikusanya zote chini ya jina moja la Kiingereza lenye maana ya Msanii Asiyejulikana. Kijiji kizima kikawa mtu mmoja, tena asiye na jina. Asiyejulikana kwa nani? Wale wazee wanaokaa barazani baada ya Alasiri walizitambua sauti zile kabla dufu halijapigwa mara ya tatu. Watumishi wa umma wanaonisoma wanaijua hali hii. Kila fomu ina kisanduku kilichobuniwa na mtu ambaye hakumfikiria anayejaza.

Tukaanza kuandika. Mimi nilicheza kanda, wazee wakataja, mjomba akaandika katika daftari kwa mwandiko wake wa ubaoni: nani alisoma, nani alipokea, nani alipiga chapuo, harusi ilikuwa ya nani. Kisanduku cha mwaka kinataka tarakimu nne, lakini jibu nililopewa lilikuwa "kabla vijana hawajarudi kutoka vita vya Kagera", au "Mzee Mwinyi alikuwa ameshaingia". Nimeyaacha maneno hayo kama yalivyo katika sehemu ya maoni. 1979 peke yake ingekuwa na uhakika wa uongo. Jioni moja, katikati ya kaswida mbili, ilisikika sauti ya mwanamke akiuliza maji yako wapi. Mzee mmoja aliomba irudiwe, kisha irudiwe tena. Alikuwa mama yake, na hakuwa na hata picha yake moja. Sekunde nne zile sasa ni faili la peke yake, lenye jina kamili la mama huyo.

Kanda tisa za mwisho hazikuwa za mjomba. Zilikuwa za mkewe, ambaye mimi namwita shangazi, na aliniwahi nikiwa nimekwisha nyoosha mkono.

"Hizo si za barazani, baba. Hizo zina wenyewe."

Zilikuwa nyimbo za ngoma ya wanawake, ya kuwaweka wari ndani. Mtu aliyesomea utafiti ana jibu tayari kwa hali hiyo: kuvu haisubiri, tuhifadhi kwanza na masharti yatafuata. Mwenzangu mmoja chuoni alishauri hivyo hivyo, tena tuzipandishe mtandaoni kwa ajili ya watafiti. Sheria niliyoitaja ina sehemu inayolinda sanaa za jadi dhidi ya biashara, lakini kibali hutolewa na chombo cha taifa. Haimtaji mwanamke mwenye sanduku.

Tepu za redio zimefungiwa wananchi waliozigharimia. Kanda za shangazi zimefungwa na wenyewe walioziimba. Anayezichanganya hoja hizi mbili kwa neno tamu la "urithi wa taifa" ataishia kuchukua za wanawake wa Baleni na kuziacha za redio palepale zilipo.

Hatimaye shangazi aliamua mwenyewe. Mjukuu wake wa kidato cha tatu nilimfundisha barazani, kwa kanda ya dansi, jinsi ya kusafisha, kuunganisha waya na kutumia Audacity. Kisha akaingia ndani na redio, akafunga mlango, nami kwa siku tano nikawa mchota maji wa nyumba. Sikusikia kitu. Nakala zimo katika flashi mbili. Moja imefungwa katika pindo la kanga ya shangazi, ya pili iko Kirongwe kwa mwanamke aliyemtaja yeye. Katika seva hazimo, na katika daftari la mjomba ukurasa wake umeachwa mtupu.

Desemba nitarudi na diski ya akiba. Faili 31 bado zina jina lile la Kiingereza, na wazee wanaoweza kulifuta wamebaki wanne.