Kabla hamjamvua baba unahodha

Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi, nahodha ni wa aina mbili: anayeongoza kipe usiku na anayevaa kitambaa uwanjani. Baba mmoja wa hapo, mwenye miaka 61, amekuwa wote wawili. Ujanani alikuwa beki wa kati wa timu ya kijiji. Baadaye akaongoza kipe cha familia kuvua dagaa.

Mwaka jana goti lake la kulia lilianza kuvimba. Zahanati ilimweleza kuwa gegedu, ile tishu laini inayozuia mifupa isisuguane, limelika. Aache kubeba mizigo mizito, afanye mazoezi mepesi ya misuli ya paja, asimeze dawa za maumivu kiholela. Hakuambiwa aliache ziwa.

Wanawe waliamua wenyewe. Siku za mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika kwa kuwa mwanga wa mwezi hushinda taa zao, walikaa wakamkabidhi kipe mdogo wao. Mzee alizipata habari mwaloni, kutoka kwa mnunuzi wa dagaa. Wiki mbili hakula nao sahani moja.

Mkewe ndiye aliyeelewa. Alikumbuka mwanzoni mwa 2016, mumewe akiwa na redio sikioni, amenuna kama aliyefiwa, kisa Nadir Haroub 'Cannavaro'.

Beki huyo Mzanzibari, aliyeitwa kwa jina la nahodha wa Italia iliyotwaa Kombe la Dunia 2006, alitumikia Yanga kwa zaidi ya miaka kumi, akapita pia Vancouver Whitecaps ya Canada. Alikuwa nahodha wa Taifa Stars hadi kitambaa kilipokwenda kwa Mbwana Samatta, aliyekuwa ametoka kushinda tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Cannavaro akatangaza kuiacha timu ya taifa. Hakumpinga Samatta, kilichomuuma ni namna alivyovuliwa unahodha.

Yanga nayo ilipofika wakati wa kuagana naye, Agosti 2018, ilimwandalia mchezo Morogoro, kisha akawa meneja wa timu. Mwili ulikuwa umechoka, lakini nafasi yake nyumbani ilibaki.

"Baba yenu hajakataa kupumzika," mama aliwaambia wanawe. "Amekataa kuambiwa na watu wa mwaloni."

Jioni hiyo mkubwa wao alimwendea baba yake.

"Shikamoo baba. Tumekukosea. Ulipaswa kujua wewe kwanza."

"Marahaba. Mngeniambia, ningemkabidhi kwa mkono wangu mwenyewe."

Na alimkabidhi. Siku hizi jioni huketi ufukweni akimweleza kijana dalili za upepo kabla hajatoka, na asubuhi husimamia hesabu za dagaa. Goti bado humsumbua akisimama muda mrefu, ila chakula anakula na wanawe.

Familia inapojadili afya ya mzee, mzee mwenyewe awe wa kwanza kuitwa kikaoni.