Doa Jeusi Ndani ya Gogo

Mwembe uliokuwa nyuma ya nyumba yetu, mjini Tanga, ulianza kuegemea paa la jirani, nasi tukaukata kabla ya masika. Magogo tuliyaacha yakauke hadi Ramadhani ilipokaribia, kisha tukamwita kijana wa kupasua kuni. Gogo la tatu lilimshinda. Shoka liligonga kitu kigumu, likatoa cheche, na makali yake yakapata pengo. Alipolipasua kwa upande wa pili tuliona doa jeusi lililoingia buluu, refu, mfano wa wino uliomwagika ukafuata nyuzi za mti juu na chini. Katikati yake mlikuwa na misumari miwili, na kwa nje gome lilikuwa limefunga kabisa.

Mmoja wetu akasema kwa sauti ya chini: "Hii imewekwa."

Hakuna aliyeuliza imewekwa na nani. Sote tulimfikiria bibi jirani yetu, mjane, aliyezoea kuketi chini ya mwembe ule kila alasiri akisuka ukili. Hatukumtaja, lakini pia hatukukanusha, na kwa siku mbili watoto walizuiwa kwenda kwake. Waliowazuia ni sisi.

Siku ya tatu akaja ami yetu, fundi seremala. Alicheka, kisha alipotazama nyuso zetu akaacha. Aliagiza kikombe cha chai kali ya rangi, akatumbukiza msumari wenye kutu na kutuambia tukiache hadi asubuhi. Mti, alisema, una tanini, ile ile iliyomo katika majani ya chai na katika magome ya mikoko yanayotumika kutengenezea ngozi. Ikikutana na chuma hugeuka nyeusi. Na wino mwingi wa zamani, uliotumika hata kunakili vitabu vya wanazuoni, ulitengenezwa kwa njia hiyo. Kuvu nao huweza kutia mti rangi ya buluu, ila kuvu huanzia nje na haufuati msumari.

"Na misumari iliingiaje?" tukauliza.

Mti hunenepa kwa kuongeza tabaka mpya chini ya gome, na tabaka hizo humeza kilichopigiliwa. Wala msumari haupandi mti unaporefuka. Hubaki kimo kile kile. Ami akayapanga magogo kwa mfuatano kuanzia kisiki. Misumari ilikuwa kimo cha bega la mtu mzima.

Hapo mama yetu akaketi chini. "Ni kamba ya kuanikia," akasema. Marehemu baba ndiye aliyeipigilia misumari ile alipozaliwa kaka yetu mkubwa, apate pa kuanikia nepi. Na aliyemshikia kamba siku ile alikuwa bibi jirani.

Asubuhi chai ilikuwa nyeusi tititi. Tukaenda kwake sote. Alitutandikia mkeka, akatusikiliza hadi mwisho, akasema tu kwamba alikuwa akijiuliza mbona watoto hawaonekani. Hatukuwa na jibu. Kisha akauliza kama kuni zimebaki.

Tulimpelekea mizigo miwili. Kila kipande tulikipitishia kwanza sumaku ya redio mbovu, kwani msumari uliosalia katika majivu huchoma miguu ya watoto wanaocheza jaani. Ingawa uliozama sana sumaku haiunasi, na hivyo vipande vyenye weusi tulivitenga. Watoto ndio waliobeba.