Baada ya Matanga



Siku za matanga mfiwa hakai peke yake. Majirani wanalala uani karibu na moto. Wamama wanaleta unga na ndagala. Wakristu wanasali rozari na kuimba mpaka usiku wa manane. Padri akiwa karibu, anafika kuzika. Akiwa safarini, katekista anaongoza sala za maziko. Mfiwa akilia, kila mtu anamwambia: "Jikaze." Halafu siku zinapita, mikeka inakunjwa, moto unazimika, na kila mtu anarudi kwake. Kesho yake kuna mihogo ya kutwanga, kuna watoto wa kupeleka masomoni, kuna deni la dukani. Siku hiyo ndiyo mfiwa anapojua kwa kweli ya kuwa baba hayuko, mama hayuko.

Tunataka kusema juu ya siku hiyo. Juu ya kifo chenyewe mmekwisha kusikia mafundisho mengi mazuri kanisani. Lakini juu ya Jumatatu inayofuata matanga watu wanasema kidogo tu, na huko ndiko wengi wanakoanguka: mmoja katika pombe, mwingine katika ugomvi wa urithi, mwingine anawaendea waganga kuuliza nani amewaua wazazi wake. Sisi tulianguka katika ukimya.

Basi tuwaeleze. Sisi tunaowaandikia ni katekista wa kijiji cha wavuvi, pwani ya ziwa Tanganika, upande wa Moba. Baba yetu alizaliwa juu katika milima ya Marungu, akashuka ziwani alipokuwa kijana. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini jina moja alilitaja mara nyingi: Abbé Stefano Kaoze, mtu wa Marungu kama yeye, aliyepewa upadri mwaka 1917 kule Baudouinville, mahali panapoitwa leo Kirungu, wa kwanza kati ya wana wa nchi wakati wa Wabelgiji. Baba alijiambia: milima iliyomzaa Kaoze itanizalia na mimi padri. Alipoona tunapenda kusoma, alituweka seminarini. Aliuza samaki wangapi kwa ajili hiyo? Mungu ndiye anayejua hesabu.

Miaka ikapita. Mwishowe, baada ya kusali na kushauriana na wakubwa wetu, tuliona ya kuwa Mungu hakutuita kwa njia ile. Tukarudi nyumbani, umri wetu miaka 24. Baba hakutukaripia. Heri angalitukaripia! Alitutia kamba ya wavu mkononi, akatuonyesha mahali petu katika mtumbwi, basi. Tukavua pamoja naye miaka 7. Tukaoa, tukapata watoto, Padri akatupa kazi ya katekista. Na siku zote hizo hatukusikia kinywani mwa baba ila maneno ya kazi: Vuta. Legeza. Washa taa.

Kwaresima moja tulikuwa katika kapela ya mlimani, mwendo wa siku nzima kwa miguu, tukitayarisha wakatekumeni kwa ubatizo wa Paska. Siku ya Jumatano akafika kijana, ametumwa na mjomba: "Mwalimu, mzee ni mgonjwa. Anakuita. Ana neno la kukwambia." Tukajibu: "Mwambie mjomba tutashuka Jumapili, tukimaliza kuwauliza wakatekumeni maswali yao." Ni kweli, kazi hiyo ilikuwako. Lakini mwalimu mwenzetu alikuwako vilevile, naye angaliweza kuifanya. Twaungama mbele yenu: tuliliogopa neno lile. Baba alipakwa mafuta matakatifu Alhamisi, akafa Ijumaa alfajiri. Alitaka kutuambia nini? Kutusamehe? Kutulaumu? Labda alitaka kutuagiza habari za nyavu tu. Mjomba hakuambiwa, mama hakuambiwa. Hatujui, wala hatutajua katika dunia hii.

Katika matanga sisi wenyewe tuliongoza rozari, macho makavu. Watu wakasema: "Tazameni imani ya mwalimu!" Jamani, haikuwa imani. Ilikuwa haya.

Mama alimfuata baba baada ya miezi 11, kwa homa. Akatuachia wadogo zetu watatu, na yule wa mwisho, msichana, alikuwa na miaka 9. Hivyo yatima wa miaka 32 akawa baba wa yatima.

Maisha nayo hayakungoja. Kengele ililia asubuhi kama kawaida, na ilitupasa kwenda kufundisha. Ndagala zilipaswa kuanikwa kabla jua halijawa kali. Mdogo wetu wa kike, akimaliza kusonga bukari, alikuwa akinyosha mkono nyuma bila kutazama, ili mama apokee mwiko. Mkono ukabaki hivyo, halafu akaurudisha polepole. Siku ya soko muuza chumvi, mtu wa kijiji cha mbali, alituuliza: "Mama yenu hajambo? Siku nyingi sijamwona." Ikatubidi kutamka neno lile upya, tumesimama katikati ya watu na kikapu mkononi. Hivi ndivyo msiba unavyomrudia mtu: haumjii tena na ngoma na vilio, unamjia kwa mwiko na kwa chumvi.

Usiku mmoja tulikuwa ziwani pamoja na mdogo wetu wa kiume. Wavu ulikuwa mzito. Gizani tukasikia: "Legeza!" Ilikuwa sauti ya baba kabisa. Kumbe ni mdogo wetu. Sauti yake ilikuwa imekwisha kukomaa, nasi hatukutambua. Mikono yetu ikaachia kamba yote, nusura wavu uzame. Mdogo wetu akairukia kamba, akaikamata, akageuka na taa ili atukemee. Alipoona uso wetu akanyamaza. Tulikuwa tunalia kama mtoto mdogo. Tulilia mpaka mitumbwi ya wenzetu ilipoanza kurudi pwani.

Jumamosi iliyofuata tulimwendea Padri, tukaungama habari ya ile Jumatano. Baada ya kutuondolea dhambi akatuambia: "Baba yako hakupotea. Yuko mbele ya Mungu, na mbele ya Mungu sala yako inafika leo." Kisha akatukumbusha somo tulilolisoma zamani seminarini bila kulielewa.

Mtakatifu Monika, mama wa Mtakatifu Agostino, alikufa Ostia, karibu na Roma, mwaka 387. Agostino alikuwa katika mwaka wa 33 wa umri wake, karibu umri wetu. Kijana wake alipoanza kulia kwa nguvu, wakamnyamazisha, kwa maana waliona haifai kumlilia hivyo mtu aliyekufa katika imani. Agostino mwenyewe akayazuia machozi yake. Wageni walimsikia akizungumza kwa utulivu, wakadhani hana uchungu. Akaenda kuoga, maana alisikia ya kuwa kuoga kunaondoa huzuni. Maji hayakuondoa kitu. Akalala. Alipoamka, yu peke yake mbele ya Mungu, akayaacha machozi yatoke. Baadaye, alipokuwa Askofu na watu wote wanamheshimu, aliandika mambo hayo katika kitabu chake cha Maungamo bila kuficha. Tazameni, wapenzi: mwalimu wa Kanisa zima alijificha kama sisi, na machozi yalimkuta kama sisi.

Kwa hiyo msimwambie mfiwa "Jikaze" kila saa. Mtakatifu Paulo hakukataza kulia. Alikataza kulia kama watu wasio na matumaini. Yoshua bin Sira anatuagiza kumlilia marehemu machozi ya kweli, halafu kupokea faraja, kwa sababu huzuni isiyo na kipimo inamaliza nguvu za aliye hai. Naye Bwana wetu alilia penye kaburi la Lazaro, ingawa alijua ya kuwa atamfufua saa ile ile.

Lakini kulia peke yake hakutoshi. Siku moja tulikuwa tunawafundisha watoto wa komunyo ya kwanza amri ya nne. Kijana mmoja mdogo akainua mkono: "Mwalimu, mimi sina baba wala mama. Amri hiyo ni ya wenzangu tu?" Tulibaki tumesimama na chaki mkononi. Tukamjibu: "Ni yako pia. Kesho tutakwambia namna ya kuishika." Usiku ule hatukulala upesi, maana swali lake lilikuwa letu. Haya ndiyo tuliyoyapata, na ndiyo tunayojaribu kuyafanya.

La kwanza ni Misa na sala. Mtakatifu Monika hakutaka wanawe wahangaike juu ya mahali pa kaburi lake. Aliwaomba tu wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Na kabla ya Kristu, Yuda Makabayo alikusanya fedha kwa askari zake, akazipeleka Yerusalemu sadaka itolewe kwa ajili ya wenzao waliokufa. Kanisa limeshika njia hiyo. Abati Odilo wa Cluny, katika Ufaransa, aliyefariki mwaka 1049, aliwaagiza wamonaki wake wawaombee marehemu wote tarehe 2 Novemba, na desturi hiyo ikaenea pote. Mwaka 1915, wakati wa vita kubwa, Papa Benedikto XV aliwapa mapadri wote ruhusa ya kusoma Misa tatu siku hiyo. Ndugu, fedha ya kuomba Misa ikikosekana, usikae na huzuni. Nenda mwenyewe katika Misa ya Jumapili, pokea komunyo, wataje wazazi wako moyoni. Mungu hadai risiti.

La pili ni madeni. Mvuvi mmoja alitujia akasema baba hakumaliza kumlipa bei ya wavu. Karatasi haikuwako. Tulimwuliza mjomba, akasema: "Ni kweli." Tukalipa kwa ndagala, kikapu kwa kikapu, masika mawili. Siku ya kikapu cha mwisho yule mzee aliyavua makofia yake akasema: "Sasa baba yako analala vizuri." Hakujua ya kuwa na sisi tulianza kulala vizuri.

La tatu ni urithi. Kwetu Watabwa ukoo unahesabiwa kwa upande wa mama, kwa hiyo kadiri ya desturi wapwa wa marehemu wanasimama mbele ya watoto wake. Siku chache baada ya maziko, watoto wa shangazi walikuja kuchukua nyavu na mtumbwi. Lakini sheria ya jamaa ya nchi yetu, ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi. Tungaliweza kwenda mahakamani. Tulikaa kwanza chini ya mwembe pamoja na wazee, tukaeleza sheria pasipo matusi, tukaonyesha yatima watatu. Mwisho wake nyavu zilibaki nyumbani kwa ajili ya watoto, naye mtoto wa shangazi akawa mwenzetu katika mtumbwi, tunagawana samaki. Ijueni sheria, ili mjane na yatima wasinyang'anywe. Lakini itumieni kama watu wa jamaa moja.

La nne ni gumu kuliko yote. Mwaka jana mdogo wetu wa kiume alituambia: "Kaka, mimi sitaki tena ziwa. Nataka kwenda Lubumbashi kujifunza udereva." Tulikuwa tumeweka tumaini letu kwake juu ya mtumbwi. Hatukumjibu. Siku tatu tulimwambia vuta, legeza, washa taa. Siku ya nne tukashtuka: ni ukimya wa baba, umehamia kinywani mwetu! Jioni ile ile tukamwita, tukamwambia yote: ya kuwa tumekasirika, ya kuwa tunaogopa kubaki peke yetu ziwani, ya kuwa hata hivyo ana ruhusa yetu na baraka yetu. Alikwenda. Anatuletea habari zake. Tunafikiri ya kuwa usiku ule tulimheshimu baba kuliko siku zote, kwa sababu tulimalizia kazi aliyoiacha katikati.

Tulimweleza yule kijana wa komunyo mambo haya kwa maneno mafupi, akatikisa kichwa, akaenda kucheza mpira.

Mwezi ukiwa mkubwa samaki hawafuati taa, na wavuvi wanakaa nyumbani. Siku hizo tunakwenda makaburini na watoto, tunang'oa majani, tunasali kumi moja la rozari. Msichana wetu mdogo anamweleza mama habari za masomo. Sisi tunamwambia baba: "Tumeshuka, mzee, lakini tumechelewa." Hajibu. Tunamwachia Mungu jibu lake, tunarudi nyumbani, maana kuna kuni za kupasua.

Nanyi ambao wazazi wenu wako hai, shikeni neno moja tu kutoka kwetu: mzee akikuita Jumatano, usingoje Jumapili.

Mungu awarehemu marehemu wetu wote. Amina.